Maziwa Niliyoyafukia Thelujini

Wifi yangu Mwanahamisi alirudi kutoka Arabuni mwezi uliopita, na badala ya kuvuka feri kwenda Mtongwe kwa mama yake, akaja kwangu Magongo. Uwanja wa ndege hauko mbali na kwangu, lakini sababu haikuwa hiyo. Nilikuwa nimekaa uani nachagua mchele nikasikia hodi, nikainua kichwa, nikamwona na sanduku lake na baibui la safari lililokunjamana. Nilinyamaza muda ambao kwetu pwani ni tusi. Kisha nikasema karibu, maana mtu hafukuzwi sanduku likiwa mkononi. Aliingia, akavua viatu, akaniamkia kama aliyeondoka jana, nami nikamjibu kama niliyemsahau. Sikuwa nimemsahau. Ningependa kusema nilimsahau, ila ningekuwa mwongo.

Watu wanaonijua wanajua mambo mawili juu yangu: kwamba nina hasira, na kwamba niliwahi kupanda Mlima Kenya mpaka kwenye theluji. Hawajui kwamba mambo hayo ni jambo moja. Nilipanda mlima ule mwanangu Zuhura akiwa hajatimiza mwaka, bado ananyonya, na nilipokuwa huko juu Mwanahamisi akampa ziwa lake. Nilikuwa nimemkataza kwa mdomo wangu, naye akanisikia kwa masikio yake. Nieleze vizuri, kwa sababu si kila msomaji amelelewa kwetu. Kwa sisi Waislamu, mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenzake ambaye hajafika miaka miwili, mara tano za kushiba, mtoto yule amekuwa wake. Si kwa mapenzi, ni kwa sheria. Watoto wa mwanamke yule wanakuwa ndugu zake, hawaoani mpaka siku ya kiyama. Mume utaachana naye, nyumba utahama, lakini ziwa likishaingia tumboni halitoki. Ndiyo maana mwanamke mwenye akili zake hamweki mtoto wa mwenzake kifuani kama anayempa maji ya kunywa. Huulizwa kwanza mama yake, na watu wazima hukaa wakalizungumza. Mimi sikuulizwa. Nilirudi nikakuta mwanangu ana mama wawili.

Mwaka ule tulikuwa tukiishi Mtongwe, nyumba ya mama mkwe, ya kuta za mawe na paa la mabati yaliyoanza kula kutu pembeni. Chumba changu mimi na Hamadi, mume wangu, kilitazamana na chumba cha Mwanahamisi, na katikati kulikuwa na ukumbi mwembamba ambao hauna siri. Ukikohoa upande huu, upande ule wanakuuliza umepatwa na nini. Mapazia ndiyo yaliyokuwa milango. Asubuhi niliamshwa na harufu ya mahamri na sauti ya mama mkwe akimsemesha Bakari, mtoto wa Mwanahamisi, ambaye alimzidi Zuhura miezi michache tu. "Bwana harusi ameamka? Na mkeo naye ameamka?" Mkewe ni Zuhura wangu. Mzaha ule ulianza siku ya arobaini ya mwanangu na haukupoa. Akija jirani kumwona mtoto, mama mkwe humwambia, "Usimtazame sana, huyo ana mwenyewe." Wanawake hucheka. "Kilicho chetu hakitoki mlangoni," husema, na kupiga kofi pajani. Mimi nilicheka pia. Binamu kuitana mume na mke ni utani wa kila nyumba, na nani anakasirikia utani? Mwanahamisi peke yake hakucheka, lakini yeye hakuwa mtu wa kucheka. Aliozwa akiwa hajamaliza shule, akapewa Omari, mtoto wa mama yake mdogo, mwanamume aliyekuja na kuondoka kama umeme wa Likoni. Akija, kuna mwanga siku mbili na kelele za redio. Akiondoka hakuna anayejua atarudi lini. Mwanahamisi alikuwa akifua nguo za Omari zile zile, akizikunja, akizirudisha kabatini bila kuvaliwa.

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ndani ya mkoba, chini ya nguo, na kila nilipotoa nguo nilikiona. Nilikuwa nimefanya vizuri Jiografia kuliko msichana yeyote wa shule yetu, na mwalimu wetu Madam Njeri, mtu wa bara aliyekuwa akiishi Changamwe, alikuwa na ahadi yake ya miaka yote: atakayepata A, atampeleka Mlima Kenya akaione kwa macho ile theluji ya Ikweta tunayoikariri. Matokeo yalitoka nikiwa mke wa mtu. Nikadhani ahadi imekufa. Basi likizo ya Agosti ya mwaka uliofuata ikakaribia, na siku moja alasiri Madam Njeri akatokea ukumbini kwetu na viatu vyake vya raba, akakalishwa kitini, akapewa sharubati ya ukwaju, na baada ya salamu zote akasema amekuja kunichukua.

"Kumchukua kumpeleka wapi?" mama mkwe akauliza.

"Mlimani, mama. Mlima Kenya."

"Kuna nini huko?"

"Kuna theluji."

"Theluji." Mama mkwe akalifikiria. "Barafu, yaani."

"Kama barafu, ndiyo."

"Hapo nyuma kwa Mama Saumu iko tele, anawauzia watoto kwenye vifuko. Ya nini kuifuata mbali?"

Madam Njeri alicheka mpaka sharubati ikamwagika, na nadhani ni kicheko kile kilichomwudhi mama mkwe, maana hakuwa amefanya mzaha. Jioni nilikuwa nyuma ya pazia namlaza mtoto nikayasikia yote. Mlimani kuna mashetani ya Wakikuyu. Mlimani wanawake wanavaa suruali. Mwanamke anayenyonyesha hasafiri, akisafiri maziwa yanalala kifuani, yanakuwa baridi, mtoto akija kuyanyonya anaharisha. Hamadi, aliyekuwa akipakua mizigo kwenye maghala ya Changamwe na kurudi hoi, alisikiliza yote mdomo umejaa wali. Halafu akasema, "Mama, nilimwambia kabla ya nikahi kwamba akipata A yake, ikimletea kitu sitaizuia. Nenda, Mejumaa." Sitamsifu kupita kiasi kwa hilo. Ahadi ni ahadi. Lakini nimeolewa na mtu aliyekumbuka ahadi yake huku amechoka, na wengine wameolewa na Omari.

Nilijua nitaulizwa, na nimeulizwa miaka yote: mama gani anamwacha mtoto wa ziwa akapande mlima? Jibu langu ni lile lile. Mama aliyekuwa hana kitu kingine chake. Kitanda kilikuwa cha nyumba, sufuria zilikuwa za nyumba, hata jina langu lilikuwa limeondoka, nilikuwa "mke wa Hamadi" na baadaye "Mama Zuhura." Nilikuwa na vitu viwili, ile A na yule mtoto, na nilivitaka vyote viwili, na bado sioni kosa. Nilimfundisha Zuhura kunywa kwa kikombe, maziwa ya ng'ombe na uji wa wimbi, na akanywa. Hakupenda, ila akanywa. Mwanahamisi akajitolea kumwangalia. Asubuhi ya safari nikiwa na begi mgongoni nikamshika mkono pale mlangoni, nikamwambia, "Wifi, lolote litakalotokea, mpe uji, mpe maziwa ya kopo, mpe hata maji ya sukari. Ziwa lako usimpe." Hata sikumweleza sababu, tulikuwa tumesoma chuo kimoja cha Kurani. Zuhura alikuwa wangu, na nilitaka abaki wangu. Mwanahamisi akanitazama, akasema, "Nimesikia."

Tulikuwa wasichana wawili na Madam. Mwenzangu alikuwa Kadzo, Mgiriama wa Junda, aliyemaliza shule mwaka mmoja nyuma yangu, na mdomo wake haukupumzika kutoka Mombasa mpaka langoni mwa mlima. Langoni tukampata Mwenda, kiongozi wetu, Mmeru mfupi mwenye miguu kama mizizi. Alinitazama nilivyovaa suruali, juu yake dera, juu ya dera leso, na kichwani mtandio na kofia ya sufu juu ya mtandio. "Huyu wa pwani ako na nguo zote za kwao," akamwambia Madam. Kadzo akamjibu, "Na bado hujaona za ndani." Mwenda hakumsemesha Kadzo tena mpaka siku ya pili.

Siku ya kwanza ni msitu, na msitu sikuuogopa. Njia ilikuwa pana, mianzi imepindana juu kama paa, na kulikuwa na ubaridi mtamu nikajiambia, kumbe ni hivi tu. Siku ya pili kukaja mwinuko wa matope, tope jeusi lililoshikilia nyasi ndefu, kila hatua unazama mpaka kifundoni na kuvuta mguu kama unayeng'oa muhogo. Tulitembea humo tangu asubuhi. Begi lilinikata mabega, kamba zake zikapita juu ya maziwa yangu, na maziwa yalikuwa yamejaa. Sijui kama mtu asiyenyonyesha anaweza kuelewa. Mwili haujui kwamba umeenda mlimani. Saa za Zuhura zilipofika, kifua kilivuta, kikawasha, kikamwaga chenyewe. Nilijifunga leso mbili, zikalowa, ubaridi ukaingia kwenye ule unyevu. Nikawa najitenga, nasema naenda haja, nakamua nyuma ya jiwe. Mama mkwe alikuwa amenionya kitu kimoja na hilo nililishika: maziwa ya mama hayamwagwi njiani watu wakayakanyaga, wala hayamwagwi motoni, ziwa litakauka. Yamwagwe penye mmea. Basi kila nilipokamua nilitafuta mmea, na mlima ule una mimea ya ajabu, mirefu kama watu, majani yake yana manyoya na yanajifunika usiku. Niliyamwaga kwenye shina la mmojawapo na nikajisikia mjinga na pia mcha Mungu.

Kadzo alinifumania. "Kumbe tunatembea na ng'ombe," akasema, "na chai tunakunywa ya rangi!" Nikamtukana. Akacheka, kisha akanishikia begi, na tangu hapo nikijitenga alisimama njiani kama askari akimzuia Mwenda kwa maswali ya kipuuzi. "Mwenda, pimbi huyu ni wa kiume au wa kike? Mwenda, hapa kwenu mnaogaje?"

Siku hiyo hiyo, juu ya ukingo mmoja, simu ilishika mtandao. Nilimpigia Hamadi.

"Mtoto vipi?"

"Mzima. Anacheka."

"Halii?"

"Alilia siku ya kwanza, wallahi alitutoa roho. Sasa ametulia."

"Anakula nini?"

"Anakula."

"Hamadi, anakula nini?"

Laini ikakatika. Niliipandisha simu juu, nikazunguka nayo, nikapanda jiwe, hakuna. Mwenda akasema twende, mvua inakuja. Nikaenda, lakini neno lile likanishika: ametulia. Namjua mwanangu. Mtoto wa miezi ile hatulizwi na kikombe. Nilitembea alasiri yote nikimwona Mwanahamisi amekaa ukingoni mwa kitanda chake, na sikutaka kuona kilichofuata, na nilikiona.

Kwenye kibanda cha mawe cha bondeni, karibu na juu, niliwaka homa. Ziwa la kulia lilikuwa jekundu, gumu kama kifuu, hata shati likiligusa nilipiga kelele. Chumba kilikuwa na vitanda vya mbao vya ghorofa na magodoro ya sponji yanayonuka moshi. Mwenda akasimama mlangoni akauliza kama kichwa kinauma, nikasema kinauma, kama nasikia baridi, nasikia, kama nataka kutapika, pengine. "Ni ugonjwa wa mlima," akamwambia Madam. "Huyu msichana atashuka. Nimeona watu wakikufa na hii." Madam Njeri alikuwa amekaa kando yangu, na nilimwona usoni amekubali. Nikasema, "Si mlima. Ni ziwa." Mwenda akageuza uso akatazama ukuta. Madam akanifunua leso, akaguna, akasema kitu kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili akamwambia Mwenda alete maji ya moto, mengi, na asirudi na macho.

Aliyeniponya ni Kadzo. Aliloweka leso kwenye maji ya moto akanibandika, akaibadilisha, akaibandika, halafu akatoa kitana kwenye begi lake, kile cha meno mapana, akakipasha, na kuanza kulichana ziwa, taratibu, kutoka juu kuja chini, kama unavyochana nywele za mtoto anayeumia kichwani. Kwao hufanywa hivyo na kwetu pia, ila sikuwahi kufanyiwa. Nililia, nikamtukana mama yake na babu zake. "Tukana," akasema, "tukana, yanatoka." Na kweli yakatoka, kwanza mazito ya manjano, kisha yakafunguka. Tulikula ugali na supu ya pakiti usiku huo, nami nikalala kama maiti. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Madam akaniuliza kama nataka kurudi. Nilifikiri kama mtu anavyofikiri mara chache maishani, bila mtu mwingine kunisemea. Nikirudi leo nitafika kesho kutwa, na kama Mwanahamisi amefanya, ameshafanya. Nikipanda, nitafika siku moja baadaye. Ile siku moja ilikuwa yangu. Nikasema napanda.

Wageni huondoka hapo usiku wa manane ili walione jua likichomoza kileleni. Madam alikataa. Alisema jua tunalo la kutosha Mombasa, sisi tumekuja kwa theluji. Tuliondoka kumeshakucha vizuri. Ni changarawe, unapanda hatua mbili unateleza moja, na pumzi inakuwa kitu cha kuomba. Nilikuwa nikisoma Ayatul Kursiy, nikifika katikati naishiwa hewa, naanza upya. Kadzo alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, na Mwenda akamwuliza kwa wasiwasi kama ni mgonjwa. Halafu pakawa peupe. Theluji ilikuwa imeanguka siku iliyotangulia. Ilikaa juu ya mawe, kwenye mikunjo ya mlima, imetulia kama unga uliomwagika ambao hakuna aliyepata kuuzoa. Sikufurahi. Nilikuwa nimejaa tena, kifua kinavuta, na nilitazama huku na huku nikaona hakuna mmea. Hakuna jani. Mawe na weupe tu, na njia ambayo watu wanakanyaga. Nikaenda pembeni, nyuma ya mwamba, nikapiga magoti, nikachimba theluji kwa mikono. Hivyo ndivyo nilivyoigusa mara ya kwanza, si kwa kuirusha kama wanavyofanya watu kwenye picha. Nilikamulia ndani ya lile shimo. Yalikuwa ya moto, yakatoboa theluji, yakazama, yakaacha vitundu vidogo vyenye kingo za manjano. Mvuke ukapanda. Nikayafukia. Nililia hapo, na sikulia kwa huzuni. Nililia kwa hasira, kwamba chakula cha mwanangu nakizika mahali ambapo hakuna mdomo, na kuna mdomo wa mwanangu mahali pengine kwenye ziwa lisilo langu.

Kileleni palikuwa na ukungu. Nilidhani nitajisikia mkubwa, nikasikia njaa. Tulikula biskuti na mayai ya kuchemsha, Madam akatukumbatia, Kadzo akatafuta Mombasa kwenye ukungu, akanyoosha kidole akasema, "Junda ile pale, nauona moshi wa mama yangu," na tukacheka mpaka kifua kikauma. Ukungu ukafunguka kidogo, nikaona miamba miwili mirefu mbele yetu, myeusi, imebeba theluji mabegani. Nimeikumbuka mara nyingi nikiwa nimesimama langoni mwa yadi ninakofanya kazi siku hizi, naandika namba za makontena na madereva wananipigia honi. Sina maneno mazuri ya kuisemea. Haikunihitaji. Mwaka ule kila kitu kilikuwa kinanihitaji, na ile miamba haikunihitaji hata kidogo, na nikapumua.

Nilifika Mtongwe alasiri, uso umebabuka, midomo imepasuka. Mwanahamisi alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini na watoto wote wawili. Zuhura alikuwa amenawiri. Nilimwita, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Nikanyoosha mikono. Akageuka, akamwendea Mwanahamisi kwa kutambaa, akapanda mapajani, akaanza kumvuta shingo ya dera akitafuta. Mtoto alikuwa ameshasema yote.

Sitaeleza niliyoyasema mimi. Majirani wa Mtongwe wanayajua. Nieleze niliyoyasikia baadaye nikiwa chumbani, nikiwa nimejifungia na mtoto anayenikataa. Mama mkwe alikuwa amerudi kutoka msibani, ameambiwa, na sauti yake ilitoka uani.

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu, mama."

"Hesabu!"

Kisha Mwanahamisi, taratibu: "Tano. Za kushiba."

Nikasikia kofi. Nikasikia mama mkwe akilia, kilio cha kweli, cha mtu aliyefiwa. Jioni alikwenda kwa maalimu kuuliza hukumu, akarudi mdogo. Nilimpenda usiku ule. Nilidhani analia kwa ajili yangu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikanda kifua kwa maji ya moto, akakamua yale maziwa yaliyolala, akasoma Bismillahi, na siku ya pili Zuhura akanirudia, akanyonya amenikazia macho kama anayenidai maelezo. Lakini sikumsemesha Mwanahamisi tena. Kabla ya mwaka kwisha nilimwambia Hamadi ama mimi nahama ama mmoja wetu atazikwa, na tukaja Magongo, chumba kimoja, mlango wa mbao wenye kitasa. Nikatafuta kazi, nikapata. Mwaka ule ulinifanya mtu huyu ninayeandika. Mwanahamisi aliachika kwa Omari, akaenda Arabuni. Zuhura na Bakari walikua wakijuana kama kaka na dada, kwa sababu ndivyo walivyo, wakigombana kila walipokutana sikukuu, wakiibiana mabuyu. Na ule utani wa mke na mume ulikwisha siku ile ile. Sikuwahi kujiuliza ulikwenda wapi.

Basi mwezi uliopita, Mwanahamisi yuko jikoni kwangu. Zuhura, mrefu sasa kunipita begani, alikuwa uani anaosha nywele. Mimi nakaanga vitunguu nimempa mgongo. Akajichukulia kisu, akaanza kumenya viazi bila kuombwa. Alikuwa na makovu ya mafuta mikononi ambayo hakuondoka nayo.

"Mama amenipigia," akasema. "Binti yake mama mdogo, yule wa mwisho, wamemwoza kwa mtoto wa mjomba wake. Hajamaliza shule."

Niligeuza vitunguu.

"Mejumaa. Unakumbuka mama alivyokuwa akimwita Zuhura?"

"Ulikuwa mzaha."

"Mimi pia nilikuwa mzaha," akasema. "Omari na mimi. Tangu siku ya arobaini yangu. Watu walicheka miaka kumi na tano, halafu siku moja wakaacha kucheka wakaleta mahari."

Vitunguu vilianza kuungua. Nilizima moto.

"Zuhura alilia siku ile ya kwanza," akaendelea. "Ni kweli alilia. Lakini alikuwa anakunywa kikombe, sitakudanganya. Alikuwa anakunywa vizuri. Nilikaa namtazama yeye na Bakari wamelala mkeka mmoja, na mama amewafunika leso moja, anacheka. Wewe ulikuwa mlimani. Nikaona sitapata nafasi nyingine. Nilihesabu. Ya tano ilipokwisha sikumpa tena, siku ile uliyorudi alikuwa anatafuta tu kwa mazoea."

"Ungeniambia."

"Ungefurahi."

"Ningefurahi!"

"Ungefurahi mbele ya mama. Wewe huna uso wa kuficha, Mejumaa, hujawahi kuwa nao. Mama angejua tumepanga, angemtafutia binamu mwingine. Ilibidi ukasirike kweli."

Nilisimama na mwiko mkononi. Miaka yote ile nilidhani hasira yangu ni yangu. Kumbe iliazimwa, ikafanyishwa kazi, na mimi nikaachiwa kuibeba. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumwangukia. Sikufanya lolote kati ya hayo, na sidanganyi mtu kwamba moyo wangu umekuwa mweupe. Mtoto ni wangu, ilipasa niulizwe. Ningeulizwa ningesema ndiyo na ningeharibu kila kitu, na bado ilipasa niulizwe. Yote mawili ni kweli na sijui niyaweke wapi.

"Na Bakari?" nikauliza mwishowe.

"Bakari naye. Unadhani nilitaka mwanangu awe Omari?"

Kutoka uani, Zuhura, sabuni imemwingia machoni, akaita: "Mama! Mama, maji!"

Mwanahamisi akanitazama, kisha akainamisha kichwa kwenye viazi vyake kama mgeni.

"Itika," nikamwambia. "Si ulinyonyesha?"

Akaweka kisu chini, akainuka, akaitika.